Jiko Lenye Kiuno

Ukikaribia Kamukunji, Nairobi, masikio hutangulia macho. Nyundo hazitulii. Pipa lililowahi kubeba mafuta linalazwa chini, linapasuliwa kwa patasi, linagongwa mpaka linyooke, kisha linakatwa na kukunjwa upya: sanduku la mwanafunzi wa bweni, karai la mjenzi, kikaango cha muuza chipsi, jiko. Fundi wa jiko huzungusha vipande viwili vya bati mpaka kila kimoja kifanane na ndoo iliyopanuka mdomo, halafu huviunganisha mahali pembamba, kimoja kikitazama juu na kingine chini. Hapo jiko linapata kiuno. Juu ya kiuno hicho hukaa bakuli zito la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kudondoshea majivu. Chini kuna kijimlango cha hewa. Kazi yote inaweza kufanyika bila umeme, kingo za bati zikikunjwa mpaka ziumane.

Watu hulipita jiko hilo bila kuligeukia, kwa kuwa lipo kila mahali. Hata hivyo ni vigumu kupata kifaa kingine cha Afrika Mashariki kilichoandikiwa na wachumi, wahandisi na watu wa misitu kwa wingi namna hii. Lina umri wa miaka arobaini na kitu tu. Ndani ya miaka hiyo limeonyesha kwa mizani na kwa shilingi kinachotokea watu maskini wanapopata njia ya kupika chakula kilekile kwa moto mdogo zaidi: nani anabakiwa na fedha, nani anapata kazi, na kwa nini msitu haukupumzika kama ilivyotarajiwa.

Kabla yake palikuwa na jiko la bati tupu. Husimuliwa kwamba lililetwa na vibarua wa Kihindi waliojenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya vibarua 30,000 walivushwa bahari kwa ajili ya kazi hiyo, na walihitaji chombo cha kupikia kinachoweza kuhama pamoja na kambi. Lugha inaunga mkono simulizi hiyo. Uganda na magharibi ya Kenya jiko la makaa huitwa sigiri, neno lenye asili ya Kihindi, ilhali watu wa pwani walikuwa na seredani yao tangu kale. Mashambani mafiga matatu yalitosha, kwa sababu kuni ziliokotwa na moshi ulipata pa kutokea. Mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, kuni hazikaliki. Mji ulipokua, makaa ndiyo yaliyoulisha.

Ubaya wa jiko la bati ni bati lenyewe. Chuma hupokea joto upesi na kulitoa upesi, hivyo mpishi hupasha moto miguu yake na ukuta wa nyumba kabla ya kuipasha sufuria. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1990 na Daniel Kammen, mwanafizikia wa Marekani aliyeyachunguza majiko haya kwa miaka mingi, vilionyesha kuwa asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa iliingia chunguni. Kati ya asilimia 50 na 70 ilipotea kupitia kuta za jiko. Iliyobaki ilitoroka na gesi.

Hasara hiyo ilikuwa na bei, na bei yenyewe haikuwa sawa kwa wote. Mwenye mshahara wa mwezi alinunua gunia zima na kuliweka uani. Anayelipwa kwa siku alinunua kwa debe, na akibanwa zaidi kwa mkebe, yaani kopo la mafuta ya kupikia lililojazwa makaa mpaka juu. Kilo ya mkebe ni ghali kuliko kilo ya gunia. Kila mama wa Mathare au Kibera anajua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo nyumba yenye fedha kidogo ndiyo iliyonunua joto kwa bei ya juu, kisha likapotea kupitia bati.

Serikali na wafadhili hawakuanzia na mkebe wa makaa. Walianzia na mafuta. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 na tena mwaka 1979, nchi zisizo na visima zilijikuta zikitumia fedha zao za kigeni kununua nishati. Katikati ya misukosuko hiyo miwili, mwaka 1975, Erik Eckholm wa taasisi ya Worldwatch aliandika kwamba kuna upungufu mwingine wa nishati ambao magazeti hayauoni, upungufu wa kuni. Kenya iliunda Wizara ya Nishati mwaka 1979. Taasisi ya Beijer ya Sweden ikaja kupima kuni na makaa yanayotumika nchini, na ikaonya kwamba miti inakatwa haraka kuliko inavyoota. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake mkubwa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, na mji uliochaguliwa ulikuwa Nairobi.

Fedha zilipatikana, nyingi zikitoka kwa shirika la misaada la Marekani. Tayari palikuwa na majaribio ya jiko la bati lenye kuta mbili lililopewa jina la Umeme, lililobuniwa chini ya UNICEF. Lilipika vizuri, ila lilikula bati jingi na bei yake ilipanda. Wakati huohuo macho yaligeukia Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko la ndoo: ndoo ya bati yenye bitana nzito ya udongo kutoka juu hadi chini. Anayetajwa zaidi katika kulileta wazo hilo Kenya na kuligeuza liendane na upishi wa hapa ni mbunifu Maxwell Kinyanjui.

Kuligeuza ndiko kulikokuwa kazi. Ndoo ya Kithai ilikuwa nzito, na udongo uliogusana na bati kila upande ulipasuka, kwa kuwa vitu hivyo viwili hutanuka tofauti vinapopata moto. Ugali nao unadai jiko lisilotikisika: mpishi husonga kwa mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili, na jiko lenye kitako chembamba huishia kumwagika juu ya mtoto. Kiuno kilitatua mengi kwa pamoja. Kitako kikapanuka. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, mahali panapowaka, na jiko likawa jepesi kubeba. Bakuli likakalia kiuno lenyewe, na pengo kati yake na bati likazibwa kwa mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yenye magamba yanayozuia joto. Ukiliweka jiko la zamani na jipya kando kwa kando, yote mawili yamewashwa, unaweza kukaribisha kiganja kwenye ubavu wa jipya na kukituliza hapo. Kwenye la zamani mkono unarudi wenyewe.

Sasa asilimia 25 hadi 40 ya joto ilifika chunguni.

Majiko ya kwanza ya kuuzwa yalitoka mwaka 1982, na hayakupokelewa kwa vigelegele. Mabakuli mengi yalipasuka baada ya majuma machache, kwa sababu wafinyanzi walikuwa bado hawajajua uwiano wa udongo na mchanga wala muda wa kuukausha kabla ya kuuchoma. Bei nayo ilikuwa takribani dola 15, mzigo usiobebeka kwa mtu wa mkebe. Waliolinunua mapema walikuwa watu wa tabaka la kati, walionunua makaa kwa gunia.

Kilichofuata ndicho sehemu ya historia hii inayostahili kusomwa polepole. Jiko halikuhodhiwa kwa hataza, na yeyote aliyeweza kuliiga aliruhusiwa. Fedha za wafadhili ziliingia kwenye utafiti, mafunzo ya mafundi na maonyesho sokoni. Jiko lenyewe halikupunguziwa bei kwa ruzuku. Muungano wa mashirika ya kiraia ya nishati, KENGO, ulibeba sehemu kubwa ya mafunzo na matangazo hayo. Kiwanda kikubwa hakikujengwa. Kazi ilikabidhiwa watu wa jua kali, waliokuwa wakifanya kazi Shauri Moyo, Gikomba na Kamukunji bila paa, wakifukuzwa na askari wa jiji kila mara. Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawaahidi vibanda vya kujikinga na jua, na mwaka uliofuata sera ya uchumi ya serikali ikaitaja sekta hiyo kama chimbuko la ajira. Watu waliokuwa wakihesabiwa kama kero wakawa wamepata mlango wa mbele.

Biashara ikajigawa yenyewe. Wafinyanzi wakachoma mabakuli na kuyauza kwa jumla. Mafundi wa bati wakatengeneza maganda. Wengine wakawa wa kuunganisha tu, kupaka rangi na kupakia kwenye mabasi ya kwenda Nakuru, Kisumu na Mombasa. Ushindani ukafanya kazi yake: bei ikashuka hadi kati ya dola 2 na 5. Ubora ulishuka pia mahali fulani, maana palipo na uhuru wa kuiga pana mlipuaji. Wanunuzi wakajifunza kuchagua. Mama anayejua kazi hulipiga bakuli kwa kifundo cha kidole kabla ya kutoa fedha. Likilia kama kengele analichukua, likitoa sauti ya kufifia analirudisha, kwani ndani lina ufa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika Kenya, katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini. Mafundi na biashara ndogo zaidi ya 200 walitoa majiko yapatayo 13,000 kila mwezi. Kammen alipima matumizi ya makaa yakishuka kutoka kilo 0.67 hadi 0.39 kwa mtu mmoja kwa siku. Tofauti hiyo inajaa konzi mbili tatu tu za mkono. Ila izidishe kwa watu sita na kwa siku 365: zaidi ya kilo 600 kwa mwaka, fedha zaidi ya dola 60, wakati jiko lenyewe liligharimu dola chache. Ni nadra kuipata biashara yoyote mjini inayorudisha mtaji wake mara kumi ndani ya mwaka.

Kwenye kuni mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Magharibi ya Kenya wanawake wafinyanzi walikuwa wameona soko la vyungu likififia mbele ya sufuria za alumini. Jiko lililoitwa Maendeleo, kwa heshima ya chama cha Maendeleo ya Wanawake kilichosaidia kulieneza, na baadaye likajulikana kama Upesi, liliwarudishia kazi: bakuli la udongo la kujengewa mekoni, lisilo na bati lolote. Mikono iliyokuwa ikifinyanga mitungi ikafinyanga majiko.

Umbo la kiuno nalo likavuka mipaka. Uganda na Rwanda zililichukua, Dar es Salaam ikapata jiko bora lake, Ethiopia ikalifanyia marekebisho na kuliita Lakech, na jamaa zake wakafika hadi Senegal. Kila nchi ilibadilisha kidogo, kwa kuwa upishi haufanani.

Na msitu? Hapa hesabu inakuwa chungu.

Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kitabu kuhusu makaa ya mawe ya nchi yake. Alieleza jambo lililowashangaza wasomaji: mashine ya mvuke ya James Watt ilitumia makaa machache kuliko zilizoitangulia, na bado Uingereza ilichoma makaa mengi zaidi baada yake. Sababu ni kwamba nguvu ya mvuke ilikuwa rahisi kiasi kwamba viwanda, migodi na reli zote ziliitaka. Tangu hapo, kila mtu anapotangaza kifaa kisichopoteza nishati, mchumi mmoja hunyanyua mkono na kumtaja Jevons.

Kenya ilimpa Jevons hoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya jiko jipya kuingia sokoni, ulikadiria kuwa nchi ilitumia tani milioni 1.6 za makaa kwa mwaka, katika biashara ya shilingi bilioni 32 iliyowaajiri watu wapatao 700,000. Malori yalizidi kushuka kutoka nyika za Kitui, Narok na kwingineko. Walioahidi kwamba jiko lingeuokoa msitu walionekana wamekosea.

Kulilaumu jiko, hata hivyo, ni kulionea. Sensa ya mwaka 1979 ilihesabu watu 827,775 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Mji ulioongezeka zaidi ya mara tano ungechoma makaa mengi hata kwa jiko la dhahabu, na kwa bati tupu ungechoma karibu maradufu. Isitoshe, kuna hatua ambayo jiko haliwezi kuifikia. Mchoma makaa wa nyikani hufukia magogo kwa majani na udongo, akayawasha na kuyachunga kwa siku kadhaa, na tanuri hilo la udongo hutoa kilo moja ya makaa kwa kila kilo tano hadi kumi za mti. Kwa hiyo kilo 600 zinazookolewa jikoni ni tani tatu hadi sita za miti zilizoachwa zimesimama. Ajabu ni kwamba tanuri lenyewe halikupata mapinduzi kama ya jiko. Mchomaji alikuwa mtu wa kujificha. Nani awekeze katika tanuri la matofali mahali anapoweza kukamatwa kesho? Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilijaribu kumtoa gizani kwa kumtaka ajiunge na chama chenye leseni, lakini mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, kaunti ya Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa, na bei mjini ikaruka.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu ya Jevons hulipita bila kulisalimu. Sehemu ya makaa yanayookolewa huchomwa tena, ni kweli. Lakini huchomwa kwa nini? Maharagwe makavu huchukua saa kadhaa kuiva. Familia iliyokuwa ikiyaepuka kwa kuogopa makaa, ikanunua mkate au kikombe cha maharagwe ya kibandani, sasa inaweza kubandika sufuria ya githeri asubuhi na kula siku mbili. Maji ya kuogea ya mtoto yanapashwa. Maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote. Katika jedwali la mchumi hayo yote yanaandikwa kama nishati iliyorudi kutumika. Katika nyumba ni chakula na afya, na haifai kuyahesabu upande wa hasara.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kizazi kipya kiliwasili. Majiko ya chuma yenye chemba iliyozibwa vizuri zaidi yakaanza kuuzwa, na mwaka 2014 kampuni ya Burn ilifungua kiwanda chake Ruiru, nje kidogo ya Nairobi. Jiko la dola 40 likakaa sokoni kando ya lile la Kamukunji, likiokoa makaa mengi zaidi. Watafiti wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, waliwafuatilia wakazi wapatao 1,000 wa Nairobi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022. Walioligeukia jiko jipya walipunguza matumizi yao ya makaa kwa asilimia 39, sawa na dola 119 kwa mwaka. Faida hiyo haikuwa siri. Wakazi waliikadiria vizuri wenyewe. Lakini walipoulizwa wangelitoa kiasi gani kulipata jiko, wastani wao ulikuwa dola 12.

Anayekaa katika nyumba ya kupanga haoni ajabu. Dola 119 zinarudi kwa vipande vya mkebe, leo shilingi kadhaa, kesho kadhaa. Dola 40 zinatakiwa leo asubuhi, zikiwa kamili, pamoja na kodi, karo na nauli. Watafiti hao waliporuhusu jiko lilipwe kidogo kidogo kwa miezi mitatu, kiasi ambacho watu walikuwa tayari kutoa kiliongezeka maradufu. Jiko lilikuwa lilelile na makaa yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni muda wa kulipa.

Wanawake wa mijini walikuwa na jibu lao kabla ya mtafiti yeyote kubisha hodi. Katika chama cha kupokezana, watu kumi wanaketi Jumapili alasiri, kila mmoja anatoa mchango uleule, na zamu inamwangukia mmoja. Vyama vingine havitoi fedha taslimu, maana fedha taslimu ina wadai wengi, vinanunua chombo. Zamu moja ni seti ya sufuria, nyingine ni blanketi, nyingine ni jiko. Mweka hazina huenda Kamukunji mwenyewe, anainama mbele ya safu ya majiko yaliyopangwa juani, anagonga bakuli moja baada ya jingine kwa kidole, na kulibeba kichwani lile lililolia vizuri mpaka nyumbani kwa mwenye zamu, ambako makaa ya kwanza huwekwa siku hiyohiyo.